Aliyeniita Kwenye Nyumba Ndefu

Hapa Mapendo, mtaani kwetu Goma, wapo wanaosema kwamba baridi ya Ulaya ilinila akili. Waseme, midomo ni yao. Ninayokusimulia yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa mzima, sijaonja pombe wala sina homa, na jua likiwa linawaka. Naam, jua. Wewe umezoea visa vya mizimu vyenye giza na bundi. Changu hakina giza hata kidogo, na ndiyo maana mpaka leo kinanitisha.

Kwanza ujue nilifikaje huko. Sisi ni watu wa milima ya Masisi, wakulima wenye ng'ombe wachache. Vita vilipotufikia baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo tulishuka watatu: mama, kaka yangu na mimi. Tukaishia kambi ya Kanyaruchinya, nje ya mji wa Goma, tukajenga kibanda cha turubai juu ya mawe meusi ya volkano, mahali ambapo hata kigingi hakiingii ardhini. Siku moja nilikwenda kuchota maji, na nikiwa kwenye foleni mabomu yakaanza kuanguka. Nilitaka kurudi kwa mama, lakini umati unaokimbia hauombwi njia. Ulinibeba hadi mjini, ukanivusha mpaka wa nchi, na simu yangu ikabaki chini ya miguu ya watu. Nikapanda lori na watu nisiowajua, nikashukia kwenye kambi ya wakimbizi Uganda.

Kila aliyetoka Goma nilimuuliza. Mama mfupi, ana kovu kwenye nyusi, akiongea unamsikia toka mtaa wa pili, hukumwona? Hakuna aliyemwona. Miaka ikapita hivyo. Kisha nikachaguliwa kupelekwa Norwe, peke yangu, na nikapanda ndege bila kujua kama nina mama au sina. Hilo ndilo lililonila, si baridi.

Walinipeleka kwenye kisiwa cha kaskazini kabisa, kwenye kiwanda cha samaki. Yale makayabo tunayopika hapa kwetu, makavu kama ubao, nimeyatia chumvi kwa mikono hii. Siku ya kwanza nilicheka peke yangu: nimevuka dunia nzima kuja kuyatembelea makayabo kwao! Watu wa kule si wabaya, ila hawaongei. Utakaa na mtu kwenye basi, mabega yanagusana, akutazame kama anavyotazama kiti. Nilikuwa mpweke, na sina neno lingine la kulipamba hilo. Nilikuwa nasonga fufu ya watu watatu, nakula sehemu yangu, halafu naketi nazitazama zile mbili zikipoa.

Baada ya muda likaanza jambo la ajabu. Unaijua milango ya maduka ya Ulaya, ile inayofunguka yenyewe ukiikaribia? Ikawa hainifungukii. Nasimama mbele yake, narukaruka, napunga mikono, wapi! Mpaka aje mtu mwingine, nami nijipenyeze nyuma yake. Nililichukulia kama kichekesho. Nilimwambia Berit, mama mmoja mtu mzima tuliyefanya naye kazi meza moja, kwamba hata milango ya kwao inabagua watu. Alicheka mpaka akafuta machozi.

Berit ndiye aliyenieleza habari za kile kilima. Kilikuwa nyuma ya kiwanda, cha kijani, kinatazama bahari. Alisema zamani sana, kabla kanisa halijafika kwao, pale juu palikuwa na nyumba ya chifu. Nyumba moja tu, lakini ndefu kuliko kanisa lolote la kisiwa kile. Chifu, askari wake, wanawake, watumwa na ng'ombe wote walilala chini ya paa hilo moja. Moto ulikokwa katikati toka mwanzo wa nyumba hadi mwisho, na kila mtu alikuwa na mahali pake kwenye benchi, kwa cheo chake. Mahali pa mtu hapakukaliwa na mwingine. Wataalamu walipokuja kuchimba, walikuta matundu ya nguzo tu.

"Na wenyewe walizikwa wapi?" nilimuuliza.

"Palepale," akasema. "Vile vilima vidogo vya majani unavyoviona pembeni, ndimo walimo."

Nikamwambia kwetu pia mtu huzikwa karibu na nyumba yake, ili asijione amefukuzwa. Akaitikia kwa kichwa, tukaendelea na samaki.

Sasa sikiliza. Kule, majira ya joto yakifika, jua halizami. Linashuka mpaka linakaribia kugusa bahari, halafu linapanda tena. Usingizi unakukimbia. Basi wakati mmoja, saa ambazo watu wa Goma mngesema ni usiku wa manane, nilikuwa nimekaa kitandani na jua limenijaa chumbani. Nikavaa koti, nikatoka, nikapanda kile kilima. Nilikipenda kwa sababu kilinikumbusha nyumbani. Majani mafupi, ukungu unaotambaa chini, uzio wa miti, hewa yenye ubaridi: Masisi tupu, isipokuwa haina migomba.

Nilipofika juu nikasikia harufu ya ng'ombe. Nikageuka huku na huku, hakuna ng'ombe. Harufu ya zizi la asubuhi, ya maziwa na samadi, ile ile ya kwa baba. Nilisimama nikaivuta mpaka machozi yakanitoka, wala sikuona haya, nani angeniona?

Ndipo nikaitwa. Kwa jina langu. Si lile la kwenye karatasi ambalo Wanorwe walilivunja vipande kila walipolisoma. Jina la nyumbani, na mwisho wake umevutwa vilevile mama anavyouvuta.

Wewe ungefanyaje? Miaka yote ile hakuna kinywa kilichoniita hivyo. Niliitika. Mungu anisamehe, niliitika mara moja na kwa furaha: "Yee, mama!"

Na nyumba ikawepo. Sikuiona ikiota wala ikishuka kutoka juu. Ilikuwepo tu, kana kwamba nilikuwa nimeipa mgongo wakati wote. Paa lake la udongo na majani lilikuwa na mgongo uliopinda, mfano wa mtumbwi wa Ziwa Kivu uliopinduliwa ufukweni. Mlango ulikuwa wazi. Na amini usiamini, kitu cha kwanza nilichofikiria ni kwamba huu mlango angalau umenifungukia.

Nikaingia. Ndani kulikuwa na nguzo nene mistari miwili, zimechongwa wanyama wanaong'atana mikia, na katikati moto mrefu unaowaka bila kutoa sauti. Pande zote mbili watu walikaa kwenye mabenchi, mabega kwa mabega, wazee, vijana, wanawake wenye watoto mapajani. Walikuwa wengi mno. Kwetu watu wengi namna hiyo wakikaa pamoja utasikia kelele toka barabarani. Hawa hawakusema neno, hawakukohoa, hawakula. Walitazama moto tu. Nikaelewa kwamba kila mmoja pale yuko peke yake kama mimi, na nilitamani kukaa nao. Hilo silifichi. Nilitamani sana.

Mama mmoja akanijia kutoka upande wa pili wa moto. Mrefu, amevaa gauni zito, funguo zinaning'inia kiunoni, kwa hiyo nikajua ndiye mwenye nyumba. Mkononi alishika pembe ya ng'ombe iliyojaa kinywaji. Akaniita tena jina langu, halafu akasema nami Kiswahili cha kwetu, cha Goma, bila kukosea.

"Kuya, mutoto. Uikale. Nafasi yako tuliichunga."

Akaonyesha kwenye benchi. Kati ya kijana mmoja na mzee mmoja palikuwa na pengo, kama upana wangu hivi.

"Mama, mimi ni mugeni hapa," nikasema. "Sikutuma habari kama nakuya."

"Bakwenu njo balituma," akajibu kwa upole. "Balisha kukuzika. Kunywa, ukae."

Sikulielewa neno lile. Lilinipita, maana macho yangu yalikuwa kwenye lile pengo na kiu ilikuwa imenishika ghafla. Nikanyoosha mkono wa kulia, wa kushoto ukiushika kiwiko, kama tunavyofundishwa kupokea kitu kwa mkubwa. Ncha za vidole zikagusa pembe. Hapo kilichoniokoa si akili wala sala. Ni mazoea tu. Wewe unajua kwetu tunavyoogopa sumu. Kinywaji cha nyumba ya mtu hukigusi mdomoni mpaka mwenyeji ameonja mwenyewe mbele yako, na hata mama yangu mzazi akinipa kikombe cha uji hupiga funda la kwanza. Basi maneno yakanitoka yenyewe.

"Karibu, mama, onja kwanza weye."

Moto haukusogea, lakini wale watu wote wakainua nyuso wakanitazama. Mama yule akaitazama pembe. Akaiinua mpaka kwenye midomo, akaiinamisha. Kinywaji hakikuingia. Kilimshuka kidevuni na shingoni, kikadondoka sakafuni, naye akaendelea kuinamisha mpaka pembe ikakauka, na uso wake ukawa wa mtu anayekumbuka chakula alichokipenda utotoni.

"Siye hatukunywake tena," akasema. "Tunanywesha bengine tu."

Nilikimbia. Nilimkanyaga mtu mguu, sikumwomba radhi. Nilitoka kwenye jua, nikaanguka kifudifudi, na nilipogeuka palikuwa na majani, mawe machache na ukungu. Harufu ya ng'ombe ilikuwa imekwisha.

Asubuhi Berit alinishika mkono kunisalimu, akauachia upesi. Ncha za vidole vya mkono huu wa kulia zilikuwa baridi kuliko samaki wa kwenye barafu. Zimekuwa hivyo mpaka leo. Shika. Umeona?

Lile neno ndilo lililonirudia baadaye, nikitia chumvi. Balisha kukuzika. Bakwenu. Nikajiambia: kama wapo walionizika, basi wapo. Mama yupo! Unaweza kucheka, lakini mtu aliyekosa habari miaka mingi huchukua habari hata kutoka kwenye kinywa cha maiti. Nilirekodi sauti yangu kwenye simu, nikaeleza ukoo, kilima chetu, kovu la nyusi, nikaituma kwa kila mtu wa Goma niliyempata, nikawaomba waipeleke mbele. Ilizunguka hadi ikamfikia Papa Radjabu, dereva wa magari makubwa, mzaliwa wa hapahapa mwenye asili ya Maniema. Akanipigia mwenyewe.

"Yule mama ya kovu iko kwangu, huku Mapendo. Iko napanga chumba mu parsele yangu," akasema. "Wallahi, ngoja nimupe telefone."

Nikasikia hatua, nikasikia kuku, nikasikia pumzi ya mama.

"Mama, ni miye," nikasema, na nikataja jina langu.

Halafu ile sauti yake kubwa, safari hii ndogo. "Mutoto wangu alisha kufa. Tulimuzika. Kama uko muzimu, rudia kwenu. Usinitese."

Akakata. Nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni na nikalia mpaka nikatapika. Umewahi kukataliwa na mama yako mwenyewe? Basi shukuru.

Papa Radjabu alipiga tena jioni akanieleza. Mtu mmoja wa kambini aliapa kwamba siku ya mabomu aliniona barabarani nimekufa. Mwili haukupatikana. Mke wa kaka yangu akawa anaharibu mimba, moja baada ya nyingine, na wazee wa ukoo wakasema ni kwa sababu dada mtu amelala nje bila kuzikwa. Wakafanya kinachofanywa kwetu mwili ukikosekana. Walikata mgomba, urefu wangu, wakaufunga kwenye kitenge changu, mama akalilia mgomba ule kama anavyolilia mtoto, wakauzika Kanyaruchinya kwenye kipande cha udongo kati ya mawe. Nikamuuliza ilikuwa lini. Alipotaja majira, nikakumbuka milango ya duka: ni wakati uleule ilipoacha kunifungukia.

Nikaomba likizo, nikapanda ndege. Niliingia Goma kwa miguu kupitia mpaka uleule niliovukia. Mama alikuwa uani anachagua mawe kwenye maharage. Aliniona, akainuka, ungo ukamwanguka, akaingia ndani na kufunga mlango. Nilikaa nje ya mlango ule mpaka jioni. Nilimsikia analia upande wa pili, naye alinisikia, na hakuna aliyefungua. Waliosema asiyekuwepo na lake halipo hawakuwahi kukaa pale.

Kaka ndiye aliyekwenda kumleta mzee wa ukoo wetu anayeishi Katindo. Mzee alinishika mkono, akaitazama mikono yangu, akaguna.

"Bale balizika, njo bafukule," akasema. "Mama ataita jina juu ya shimo, na mwenye jina aitike mara moja. Kisha atakupa chakula. Hapo utakuwa mutu."

Tukaenda Kanyaruchinya siku iliyofuata: mzee, mama, kaka na binti yake mdogo mgongoni, na mimi nyuma kabisa, kwa maana mama hakutaka nimpite. Binti huyo alizaliwa baada ya mgomba kuzikwa, mimba ya kwanza iliyokaa. Tangu nifike walikuwa wakimwita Mudogo tu, nami nilidhani ndiyo hivyo. Kambi ilikuwa imevunjwa. Yalibaki mawe meusi, vipande vya turubai na viatu vya watu. Lakini mama alikwenda moja kwa moja hadi mahali pake, hakusitasita. Akachimba mwenyewe. Mgomba ulikuwa umeoza wote. Shimoni mlikuwa na kitenge kilichochakaa, nyuzi nyeusi na maji.

Mama akatupa jembe, akapiga magoti. Kwa mara ya kwanza tangu nirudi alinitazama usoni, na nikaona anataka. Naapa, alinitaka kwa moyo wake wote. Akainama juu ya lile shimo, akaita jina langu, akauvuta mwisho wake.

Nilifungua kinywa.

"Yee, koko!" akaitika mtoto kutoka mgongoni kwa kaka, akimjibu bibi yake.

Hapo ndipo nilipojua walimpa jina gani. Ndivyo tunavyofanya, jina la aliyekufa hupewa anayezaliwa, lisipotee. Walinificha jambo hilo kwa aibu. Mama alijua, kaka alijua, na wote wawili walidhani mtoto aliyeanza kusema juzi hataitika. Niliitika na mimi, kwa sauti kubwa, nikaitika tena na tena, lakini mzee alikuwa ameshaanza kurudisha udongo kwa miguu yake, haraka, bila kumtazama mtu.

Mama alinipa chakula siku ile. Ananipa mpaka leo, na funda la kwanza la uji anaonja yeye. Ananipenda, najua. Ila haniiti. "Weye, kuya kula," anasema, basi. Sikurudi Norwe. Watu hunicheka, eti nimeacha Ulaya kuja kuchagua maharage Mapendo. Wangejua ninachokilinda wasingecheka.

Kwa sababu mtoto huyu anaitika. Tunakuwa tumekaa uani mchana kweupe, ananisaidia maharage, ghafla anainua kichwa kuelekea upande usio na mtu. "Yee!" anasema, kwa furaha. Mimi sisikii kitu. Ninatega masikio mpaka yananiuma, na sisikii kitu. Zamani ningesikia mimi.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayenisikiliza, hasa kama vita vimekutenganisha na wako. Usimzike usiyemwona amekufa. Acha sahani yake, acha mlango wazi, acha watu wakuite mjinga, lakini usizike. Na watoto wako wafundishe wasiitike wakiitwa, hata kwa sauti ya mama yao, mpaka wameuona uso. Huyu wa kwetu namfundisha kila siku, na ananikubalia kila siku. Jana aliitika tena, kisha akaenda kutafuta viatu vyake.